Kaka Yangu Alifika Msibani Mapema Mno

Wakuu, mmeshaona mtu akilaumiwa kwa kuchelewa msiba. Kaka yangu alilaumiwa kwa kuwahi.

Naitwa Asnath, kwetu Ntalikwa, nje kidogo ya mji wa Tabora. Baba alifariki alfajiri, baada ya kuugua miezi minne. Nikampigia kaka yangu Anton, aliye Dar, nikijua maziko hatayakuta. Basi peke yake linakula siku nzima. Treni ndiyo usiseme.

Saa tano asubuhi, Anton huyo anashuka kwenye bodaboda. Msafi, hana hata vumbi.

Shangazi Kashindye akanivuta pembeni. "Huyu katoka Dar ipi? Mwezi jana kuna mtu alimwona Cheyo, hapo mjini, tukasema wamefanana tu."

Miezi yote minne Anton alikuwa ananiambia, "Mdogo wangu, Dar mbali. Kazini hawanipi siku za kwenda na kurudi." Kumbe yuko mjini hapo, pua na mdomo?

Na niseme ukweli, nilitamani iwe hivyo. Labda maisha yamempiga, anajificha kwa aibu. Hilo ningelisamehe.

Saa kumi, jeneza likisubiri kushushwa, Nestory akarukia kaburini akalala chali. Nestory ni Mgogo, mtani wetu sisi Wanyamwezi. Utani huo ni wa tangu misafara ya mababu kwenda pwani, na msibani hana wa kumzuia. Kawaida hutoka akipozwa kwa hela kidogo.

Anton akaingiza mkono mfukoni.

"Rudisha hela zako!" Nestory akafoka kutoka chini. "Mnyamwezi wewe, leo nataka jibu. Umepita njia gani? Usiposema, hutupi udongo. Nazikwa mimi!"

Watu wakacheka, kisha wakamgeukia Anton. Wote walikuwa wanalisubiri jibu hilo.

"Nimekuja na ndege," Anton akasema.

"Ndege au ungo?" Shangazi akadakia.

Hapo ndipo aliposogea mzee Murtaza, mwenye duka mjini ambaye baba alikuwa akimuuzia asali.

"Jamani, msimwonee kijana. Leo asubuhi tumekaa naye siti za jirani kutoka Dar. Saa moja na nusu tu angani, tumeshatua. Mimi nafuata mzigo Dar kila mara, kesho yake niko dukani."

Masikini, alidhani anamwokoa.

Kila mtu alikuwa anapiga hesabu yake kimoyomoyo. Saa moja na nusu. Miezi minne.

Nestory akatoka kaburini mwenyewe, hakudai kitu. Anton akatupa udongo.

Tulipokuwa tunanawa, akanisogelea. "Asnath, baba alisema nini juu yangu?"

Ningeweza kumdanganya. Sikutaka.

"Alikutetea mpaka mwisho. Kila tukikusema, anatukatiza: 'Mwacheni mwanangu. Babu yangu alikwenda pwani kwa miguu, najua kulivyo mbali.'"

Kaka yangu akakaa chini pale pale kwenye tope, akalia mbele ya watu. Nilimhurumia, lakini sikumwinua.

Wenzangu, ndege haipandwi kwa ajili ya msiba tu. Mgonjwa naye hupandiwa.