Taa ya Tatu ya Pikapu ya Baba

Marehemu baba aliniachia nyumba yenye ufa upande wa kaskazini, sauti nene isiyolingana na mwili wangu, na pikapu. Nyumba inatengenezeka, na sauti nimeizoea. Pikapu ndiyo iliyonifunga.

Vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa vilipimwa kwa upana wa punda na mzigo wake. Ukiwa na gari la kubeba vitu ndani ya vichochoro hivyo, wewe si mwenye gari tena. Wewe ni mtumishi wa umma asiye na likizo. Utabeba masufuria ya biriani, masanduku ya bibi harusi, kitanda cha anayehama, friji ya aliyegombana na mumewe na ile ile friji wakipatana. Utabeba jeneza. Na hakuna atakayekuomba. Mtu huja mlangoni baada ya swala ya alfajiri, akakuuliza hali yako, hali ya mkeo, ya watoto, ya mgongo wako, kisha akanyamaza. Huo ukimya ndio ombi lenyewe. Nawe husema "Karibu", kwa kuwa mlangoni petu halijawahi kutamkwa jibu jingine. Baba alilisema maisha yake yote, na kila aliponyooshewa pesa za mafuta alificha mikono nyuma kama mtoto anayekataa dawa.

Mimi ni mwandishi wa insha. Nina shahada mbili, miwani ninayoitafuta ikiwa usoni, na kitabu kilichobakia sura moja kwa muda mrefu hata mhariri wangu amestaafu akikisubiri. Jumamosi zangu zote ziliishia chini ya sufuria la mtu. Hivyo niliamua kuiuza pikapu, na niliamua kuiuza kimyakimya, maana kuiuza kwa sauti kungenilazimu kujibu maswali.

Mnunuzi nilimpata Ganjoni, bwana mmoja mstaarabu mwenye duka la mbao na mabomba. Aliikagua pikapu huko huko kwao, nilikoipeleka makusudi iwe mbali na macho ya mtaa wetu. Aliipenda, ila alitoa sharti moja. Mizigo yake ni mirefu na hufunika taa za nyuma, na dereva wake hupita Makupa na Kibarani kila siku akifuatwa na malori ya makontena ambayo hayapendi kusimama.

"Nitilie taa ya breki huku juu, nyuma ya kabini, ionekane juu ya mzigo," alisema. "Nitakuja Jumamosi. Nikiiona inawaka, naondoka nayo."

Mtu mwenye akili angeipeleka pikapu kwa fundi wa Mwembe Tayari. Lakini huyo fundi amemuoa binti wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mkewe angejua kabla bisibisi haijarudishwa sandukuni. Basi ili kuilinda siri yangu, niliamua kuifunga taa mwenyewe Jumamosi hiyo hiyo, mchana kweupe, mbele ya mlango wangu, katika kichochoro ambacho ukipiga chafya unaombewa rehema na nyumba nne. Hiyo ndiyo faida ya elimu ya juu.

Taa yenyewe ilikuwa kipande cha plastiki nyekundu, kirefu kama mkono, chenye vijitaa vidogo ndani na nyaya mbili zilizoning'inia kama ndevu za kambare. Niliisogeza pikapu hadi ubavu wake wa kushoto ukagusa ukuta, ili wapita njia wabaki na nafasi upande wa kulia. Nikafungua taa ya nyuma, nikatafuta waya, nikauunga, nikaupitisha chini ya bodi na kuupandisha hadi juu ya kioo cha nyuma. Vumbi la miaka ya mtaa mzima likaniingia kwenye kola. Nilipoinuka nilijiona nimefanya jambo la kiume. Nikawasha indiketa kwa bahati tu, na taa yangu mpya ikaanza kupepesa. Nilikuwa nimeunga waya usio wake.

Nikarudi chini. Nikaufungua, nikaunga mwingine. Sasa tatizo likawa jingine. Taa ya breki huwaka ukikanyaga pedeli, na anayekanyaga yuko ndani ya kabini, wakati taa iko nyuma. Nilikwenda jikoni nikachukua mbuzi ya kukunia nazi, nikaikandamiza kati ya pedeli na kiti. Iliteleza. Nikaikandamiza tena. Ndipo mke wangu alipotokea mlangoni na kifuu cha nazi mkononi.

"Mbuzi yangu iko wapi?"

"Iko kazini."

"Kazi gani?"

"Yakanyaga breki."

Alinitazama kama anavyokitazama kile kitabu changu. Akaichukua mbuzi yake, akaipangusa kwa leso, akasema kama nataka mguu wa mtu basi mtaa umejaa miguu, yeye ana chungu motoni.

Aliyekuwepo alikuwa jirani wa nyumba inayotazamana na yetu, mjane, aliyekuwa rafiki wa marehemu mama. Hukaa kizingitini, nyuma kidogo ya pale nilipoegesha pikapu, tangu asubuhi, sinia la mchele mapajani, akichambua mchele na wapita njia. Alikuwa ameona kila kitu: waya, indiketa, mbuzi.

"Ingia ukanyage, mwanangu," alisema. "Mimi nitakutazamia."

Niliingia nikafunga mlango, watu wapate kupita. Nikakanyaga.

"Imewaka?"

"Imewaka. Mashallah, yang'ara. Usiondoe mguu niitazame vizuri."

Niliiona kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Wekundu ulikuwa umemwagika kwenye ukuta wake mweupe na kwenye uso wake. Wakati huo huo kikasikika kishindo kando yangu. Mwenye mkokoteni wa maji alikuwa amefika, na kwa ustadi wa mtu aliyezoea njia nyembamba, alikuwa ameuegesha mkokoteni wake sambamba na mlango wangu, mitungi ikagusa bati. Akabeba miwili akapotea nayo kwenye ngazi za nyumba nyingine ya mbele, na hapo hapo adhana ya adhuhuri ikaanza. Nikajua hatashuka. Angepitia mlango wa pili wa nyumba hiyo kwenda msikitini.

Nilisukuma mlango. Ulifunguka upana wa kidole, na kuisogeza pikapu kungeangusha mitungi yake yote. Kushoto kwangu ulikuwa ukuta. Kioo cha dirisha la kulia hushuka nusu tu, na dirisha la nyuma lina vyuma alivyovichomelea baba. Nilijaribu nusu ile ya dirisha, ikapita kichwa na bega, kisha tumbo langu likakataa. Nikarudi kitini nikijipangusa jasho, nikijifanya nilikuwa natazama kitu barabarani.

"Tulia tu, baba," alisema jirani. "Kwani wakimbilia wapi? Kanyaga tena."

Nikakanyaga.

"Hii taa ni ya nini, na gari ina taa mbili?"

"Usalama, mama. Malori ya siku hizi."

"Malori." Alilirudia neno kama anayeonja mchuzi. "Marehemu mume wangu, akitaka kuuza gari, kwanza huitia urembo. Moja aliishonea viti vya ngozi. Nilipoona viti, nikajua mwezi huo nitapanda tuktuk."

Mgongo ulikuwa umeanza kuloa.

"Toa mguu," alisema. Nikatoa. "Kanyaga." Nikakanyaga. "Waiuza?"

Kuna watu wanaoweza kumdanganya mtu aliyewaosha wakiwa wachanga. Mimi si mmoja wao.

"Leo, inshallah," nilisema.

Hakukasirika. Angekasirika ningepumua. Alichukua punje moja ya mchele akaitupa. "Harusi ya mjukuu wangu ni baada ya Idi," alisema. "Sufuria zote nimeshazipanga kichwani, kubwa nyuma, ndogo mbele, makapu ya mchele juu. Nimezipanga ndani ya gari hii."

Nilikuwa natafuta sentensi ya heshima na yenye mwisho, nilipomwona kwenye kioo yule bwana wa Ganjoni akija kwa miguu, kofia imenyooka, shati limepigwa pasi. Aliacha gari lake barabarani kama watu wote. Alitoa salamu. Nikatoa mkono kwenye ile nusu ya dirisha nikaupunga.

"Karibu, bwana! Niko ndani. Nimezibwa kidogo."

"Usijali," alisema. "Taa naiona kutoka kule pembeni. Kazi safi."

Nilijivuna, nakiri. Kwa muda mfupi nilijiona niko huru kabisa, ndani ya kabini ambayo siwezi kutoka.

"Karibu kahawa," jirani akamwambia mgeni. Na mgeni, kwa kuwa ni mtu wa Mombasa, hakuweza kukataa kahawa ya mama mtu mzima. Aliletewa kibao, akaketi nyuma ya pikapu, kikombe mkononi, macho kwenye matairi.

"Matairi bado yana nguvu," alisema kwa adabu.

"Hayo ni yangu," alisema jirani.

Mgeni akatabasamu, akidhani ni mzaha.

"Mume wangu alipofariki, baba yake huyu alimbeba kwa gari hii mpaka makaburini, kisha akaturudisha sisi, kisha akabeba viti, kisha mahema. Nikamtolea pesa, akaficha mikono. Mtu kama huyo utamlipaje? Nikamtuma mwanangu akanunua matairi, yakafungwa usiku yeye amelala."

Mgeni aliinamisha kikombe. "Mwenyezi Mungu amrehemu."

"Amin. Na hizo mbao za ubavuni alizichonga seremala wa pale kwenye kona, alipoozesha. Turubali ni la mwalimu wa madrasa. Betri ni ya muuza kahawa, hii kahawa uinywayo, mkewe alijifungulia njiani, humu humu. Giaboksi..." Akanigeukia kwenye kioo. "Giaboksi ilikuwa ya nani, mwanangu?"

Nilijua. Ndilo lililoniumiza, kwamba nilijua. Kila kimoja nilikisikia kwa wakati wake, nikiwa chuoni au likizoni, baba akikieleza kwa aibu kidogo kama mtu aliyeshindwa mchezo. Sikuwahi kuvikusanya pamoja hata siku moja. Nimeandika insha nzima kuhusu maana ya kumiliki kitu, ikasifiwa, na muda wote huo nilikuwa naendesha gari lililojengwa na mtaa kipande kwa kipande kwa sababu baba yangu hakutaka kushika pesa.

"Ya mzee wa machungwa," nilisema.

"Ya mzee wa machungwa. Umesikia?"

"Lakini injini ni ya baba," nilisema kwa haraka, kama wakili mwenye shahidi mmoja. "Na karatasi za gari zina jina langu."

"Injini ilikufa mwaka ule wa mvua," alisema jirani kwa upole. "Hii walichanga msikitini."

Mguu wangu ulikuwa bado kwenye pedeli, na wekundu ulikuwa bado umekaa juu ya mgeni, juu ya kofia yake na kikombe chake. Nilimuona akihesabu kichwani. Sikumlaumu. Angeipitisha pikapu hii wapi katika mji huu asikutane na mtu aliyeichangia tairi, na mtu huyo akamsalimu, akamuuliza hali yake, akanyamaza?

Alimaliza kahawa. Aliinuka, akaja hadi kwenye nusu ya dirisha langu, akaupenyeza mkono kati ya mitungi akanipa.

"Ndugu yangu, gari lako zuri. Lakini nikilichukua hili, nitakuwa nimechukua mtaa mzima. Duka langu ni dogo." Akafikiri kidogo. "Hiyo taa umeinunua mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi ukitaka kuuza taa, nijulishe."

Alicheka, akamuaga jirani kwa heshima zote, akaondoka. Nilimtazama kwenye kioo mpaka akapinda kona. Pamoja naye zilipinda Jumamosi zangu, na ile sura moja. Kuhusu sura, niseme ukweli: nilipoona mgongo wake ukipotea, sehemu fulani ndani yangu ilipumua. Ningekuwa na Jumamosi tupu ningelazimika kuiandika.

"Toa mguu sasa," alisema jirani. "Wamaliza betri ya watu."

Nikatoa. Ukuta wake ukarudi kuwa mweupe. Akaniletea kahawa, akaipitisha dirishani. Hakuonyesha ushindi. Alirudi kuchambua mchele wake, na mara moja moja aliinua macho kuitazama taa kama mtu anayetazama pazia jipya la nyumba yake.

"Kwa taa hiyo watakutaja," alisema hatimaye. "Wakihesabu, watasema taa ni ya mtoto wake."

Alikusudia kunifariji. Nilikaa na kikombe, nikaona jinsi nilivyokuwa nimeingia mwenyewe, kwa bisibisi yangu, katika orodha ile ya watoaji. Hapo awali ningeweza angalau kusema kwamba sina langu ndani yake.

Watu walirudi kutoka msikitini. Mwenye mkokoteni wa maji akaja akipangusa miguu, akaniona ndani ya kabini na kikombe mkononi, akashtuka.

"Nimekuzibia, bwana mkubwa? Samahani sana." Akashika mipini ya mkokoteni, lakini hakuuvuta. Alikuwa ameiona taa. "Taa mpya hiyo? Kumbe gari mwaitunza. Hali yako lakini?"

"Njema."

"Na mke?"

"Mzima."

"Watoto? Na ule mgongo?"

"Alhamdulillahi."

Kisha akanyamaza. Alisimama pale, mikono kwenye mipini, akitazama chini, na mlango wangu ulikuwa bado umezibwa na mitungi yake.

"Karibu," nilisema.

"Ni kitanda tu," alisema, na akauvuta mkokoteni.