Mtoto wa Nyuma ya Jiko

Acom wa Osukuru hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa na shamba la muhogo na mtama, mume aitwaye Olupot, binti mmoja, Atim, aliyeolewa Busia, na sauti ya kanisani iliyosikika kuliko ilivyotakiwa. Ukimkuta palizini atakutania mpaka usahau ulichofuata. Ndiyo maana majirani waliposikia amesimama mbele ya katapila analia, walidhani ni uzushi.

Katapila lilikuwa likichimba mtaro wa bomba la gesi. Kando ya kilima kumejengwa mtambo wa umeme wa akiba, ule unaokaa kimya hata siku nzima, halafu umeme wa kawaida ukiyumba unaamka na kushika kazi kabla chai haijapoa. Mtambo wa namna hiyo hauwezi kungoja gesi iletwe kwa lori. Gesi inatakiwa iwe mlangoni muda wote, ndani ya bomba. Bomba kubwa lilipita mbali, upande wa Mwello, na tawi la kuunganisha mtambo nalo likakata shamba la Acom, nyuma ya nyumba.

Mkutanoni walielezwa vizuri. Bomba likishafukiwa, juu yake utapanda maharage ukitaka, lakini hutachimba shimo tena, hutajenga, hutapanda mti. Maisha yote.

Wapimaji walipopita waliuliza kama kuna makaburi, maana makaburi hukwepwa. Olupot akawaonyesha la baba yake na la mama yake, yote ya saruji. "Mengine?" wakauliza. Acom akajibu, "Hakuna."

Msimwite mwongo, tafadhali. Katika nyumba ile, mtoto mchanga aliyekufa kabla ya kutolewa nje mara ya kwanza hakuhesabiwa pamoja na wafu. Bibi yake alimzika kimya kimya nyuma ya jiko, na mama mtu hakuruhusiwa kwenda, wala kulia kwa sauti, wala kumtajia mgeni, asije akafunga uzazi wa nyumba. Mtoto wa Acom alipokufa, Acom alikuwa bado bi harusi, Olupot yuko kazini Jinja. Mama mkwe, waliyemwita Tata, alimviringisha mtoto kwenye kitenge akatoka naye. Acom alilala kitandani akisikiliza jembe. Baadaye akapata Atim, na akaendelea kunyamaza. Mimi naona ulikuwa ukatili, hata kama waliofanya walimpenda.

Lakini asubuhi ile, vipande vya bomba vilipokuwa vimeshaunganishwa kwa moto na kulazwa kando ya mtaro, Acom aliona meno ya katapila yanakaribia pale jiko lilipokuwa, na lile neno maisha likamwingia. Wakishafukia, hatampata tena. Akaacha mtama juani akakimbia.

Msimamizi, Wabwire, Msamia wa Busia, akaamuru mashine izimwe.

"Mama, nini? Mlituambia hapa hakuna kaburi."

"Iko. Iko mtoto yangu."

"Mtoto gani?" akauliza Olupot, aliyefika akihema. Halafu akakumbuka, akainamisha kichwa.

"Pole, mama," Wabwire akasema. "Onyesha tu mahali. Bomba bado iko juu, tunaweza kusogeza mtaro kidogo."

Acom akainua mkono aonyeshe, na mkono ukakosa pa kwenda. Jiko la wakati ule lilianguka kwa mvua. La pili lilijengwa pembeni, nalo likaungua. Miaka yote alikuwa akisema moyoni mtoto wangu yuko nyuma ya jiko, na hakuwahi kumuuliza Tata ni wapi hasa, kwa kuwa mambo hayo hayakuulizwa. Sasa Tata mwenyewe yuko chini ya saruji.

Wabwire hakumgombeza. Aliwashusha vijana wake na majembe, halafu akawaambia watumie mikono. Wakachimba polepole mpaka jua likawa utosini. Walitoa mizizi na kigae cha chungu, basi.

"Mtoto mdogo hivyo, mama, udongo inachukua yote," akasema kwa upole. "Lakini nitasogeza tu. Niambie, tuende upande gani?"

Acom akaangalia huku, akaangalia kule. Kila upande ungeweza kuwa ndio alikolala, na yeye ndiye angekuwa amelielekeza bomba juu yake. Alilia kama msichana, mbele ya wanaume wote wale, bila kuona haya.

"Shusheni," akasema mwishoni. "Shusheni tu."

Bomba likashushwa. Olupot akavua kofia, akasali sala fupi, akamgeukia mkewe.

"Ulimpa jina?"

"Edimu."

Olupot akalitamka jina hilo kwa mara ya kwanza maishani mwake. Halafu, kama inavyofanywa kwa kila maiti, akachota udongo akampa Acom autupe. Acom akaupokea, akasogea hatua moja, akarudi, akabaki ameushika, maana hakujua autupe wapi.