Picha Hazikumuua Tusekile

Bado nakataa. Jana tumemzika Tusekile kwao Uyole, Mbeya, na leo asubuhi nimemtumia meseji ya "umeamkaje?" kabla akili haijanikumbusha.

Guys, wengi mnamjua kama Tuse wa picha za matone. Mimi Zulfa nilifanya naye kazi stationery moja Mwanjelwa. Yeye design, mimi kaunta.

Siku moja alirudi lunch na kalenzi ka plastiki, ka bei ya chee, kamebanwa kwenye simu kama kibanio cha nguo. Akakasogeza kwenye chumvi ya chipsi zangu. Jamani! Kila punje ni kiboksi cha kioo! Nilipiga ukelele mpaka client akaacha photocopy zake akaja kuchungulia.

Tuse alizaliwa na selimundu. Kuna wiki mifupa ilimuuma hata kugeuka hawezi. Ndizo wiki alizopiga picha nyingi kuliko zote: nyuzi za blanketi, povu la maziwa, sisimizi anapanda ukuta wa wodi.

"Zulfa, mbali siwezi kwenda," aliniambia. "Basi nitaenda karibu. Karibu mpaka wakome."

Halafu ikaja ile picha. Tone la umande kwenye jani la kiazi, na ndani yake mlima mzima, kichwa chini.

Comments zikamiminika. "AI hiyo." "Dada, tafuta kazi ya kufanya." Group moja la wapiga picha likamtoa kabisa.

Akaniambia, "Kesho naingia live."

"Tuse, kuna baridi. Utaumwa."

"Nitavaa."

Akaingia kweli. Masweta mawili, kitenge cha mama yake kichwani, amechuchumaa kwenye viazi. Akazuia pumzi, akasogeza simu, na mlima ukaingia kwenye tone, watu wote wanaona. Halafu jani likatikisika, tone likadondoka.

Akacheka. "Haya, AI yenu inadondokaga?"

Group likamwomba arudi. Akawablock!

Baada ya hapo alifanya kazi miezi mingi, mzima, mbishi. Homa ya mapafu iliyomchukua ilimkuta juzijuzi, yuko ndani, kipindi cha joto.

Lakini jana msibani ndugu mmoja akasema kwa sauti, "Hako kadude ka kupigia picha ndiko kamemmaliza. Kachomeni."

Mama Tuse alikuwa ameinama. Akainua uso.

"Ugonjwa alizaliwa nao. Picha alichagua mwenyewe. Msinichanganyie."



Kwa hiyo ninyi mnaoniandikia inbox kwamba "angetulia nyumbani," sikilizeni. Alitulia mara nyingi tu, na maumivu yalimfuata hukohuko. Selimundu ilimnyima vingi, hiki hakukubali kunyimwa. Na mimi sitawaruhusu mumnyang'anye sasa hivi.

Jumamosi Tuse alikuwa aje kwetu Iringa, pale Ipogolo, afundishe mabinti wenye selimundu kupiga picha kwa simu zao. Wazazi wamenipigia kuuliza kama darasa limeahirishwa.

Halijaahirishwa. Nitafundisha mimi, kwa hicho kidogo alichonionyesha.

Nilimpigia mama yake kumwomba ruhusa. Akauliza, "Basi la kwanza la Iringa linaondoka saa ngapi?"

Anakuja, Tuse. Mama anakuja.

Lala bila maumivu, dada yangu.