Kusota Hadi Pujini

Talaka mbili nilishapewa kabla sijakwenda Pujini, na zote mbili kwa ajili ya magofu. Wenzangu waliachwa kwa ulimi, wengine kwa mama mkwe, wengine kwa kuunguza wali. Mimi niliachwa kwa kutaka kuona mawe.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani pale Chake, akishona barazani kwa Muhindi mmoja muuza nguo. Mcha Mungu, sala za jamaa hazimpiti msikitini, na hajawahi kuninyanyulia mkono. Kasoro yake moja: akikasirika maneno humtoka kabla hajayatafuna. Na kasoro yangu ilikuwa kutokutulia. Nilisoma juzuu tano za Kurani chuoni na skuli miezi sita tu, baba akanitoa, basi jambo nisilolijua nilikuwa sina pa kulisoma, ila nikalione mwenyewe. Nikifagia ua ufagio unanifikisha mlangoni. Nikifika mlangoni natazama njia. Mama akisema nilivyaliwa njiani ndio maana, lakini si kweli, nilivyaliwa kitandani, mkunga aliniambia.

Siku hizo, kabla siasa haijatutenga watu wa mtaa mmoja tusipande gari moja, wanawake wa Chake tulikuwa na mtindo wa kwenda kutembea. Tunachanga, tunakodi chombo, tunatia vyungu na majamvi, tunatoka asubuhi tunarudi jioni. Waume wengi hawakuona ubaya, maana kule kwenye magofu watu huweka ubani na nadhiri zao, na mwanamke akisema anakwenda kuweka nadhiri nani atamzuia. Mimi sikuwa na nadhiri yoyote. Nilikuwa nachukua ubani ili nipate ruhusa.

Mara ya kwanza tulikwenda Ras Mkumbuu kwa mashua. Kuna msikiti umebaki kuta, na makaburi ya watu wa kale yenye nguzo kama vidole. Nikayazunguka yote, nikahesabu nguzo, kisha nikataka kuondoka. Ndivyo nilivyo, na hili sijamwambia mtu: kote nilikokwenda, nikishafika tu nataka kurudi. Lakini siku ile maji yalikuwa ya bamvua, yamekupwa mbali, mashua imekaa juu ya tope kama kuku anayeatamia. Tukangoja maji yajae. Chake tuliingia watu wameshasali isha, na mume wangu akanipa talaka ya kwanza hata buibui sijalivua. Baada ya wiki mbili akanirejea, akaniletea na kanga.

Mara ya pili ni Chwaka ya Tumbe, kule kaskazini, kwa gari ya mbao. Wakati wa kurudi gari ikafia Mgogoni, tukalala kwa watu tusiowajua, waliotupa muhogo wa nazi mtamu sijapata kuula tena. Ile ikawa ya pili. Safari hii alikaa hadi eda inakaribia kwisha ndipo akanirejea, tena kwa kutumiwa wazee.

Sasa asiyejua nimweleze. Talaka ni tatu. Ya kwanza na ya pili mume anaweza kukurejea. Ya tatu hairudi, mpaka uolewe na mume mwingine, ukae naye kweli, naye akuache kwa hiari yake. Kwa hivyo sisi tulikuwa tumebakiwa na uzi mmoja. Na mimi nikimpenda mume wangu. Nalisema hili wazi kwa sababu watu walidhani mke asiyekaa nyumbani hampendi mumewe. Nikimpenda, na nikitaka kutoka, yote mawili katika kifua kimoja.

Mwaka haukupita, wanawake wakakodi lori la kubebea mbata liwapeleke Pujini. Habari ikamfikia fundi kabla yangu. Akaja nyumbani na tepu ya kupimia ingali shingoni, akanikuta ukumbini na shoga yangu wa nyumba ya pili tunachambua mchele.

"Nasikia kuna lori," akasema.

"Na mimi nimesikia, bwana."

"Basi nisikilize, na huyu mwenzako awe shahidi. Ukitia mguu wako Pujini, hiyo ndiyo talaka yako ya tatu."

Akarudi kushona. Shoga yangu akashusha ungo. "Mwaya, usende," akaniambia. "Mawe hayakimbii."

Niliazimia nisende, wallahi. Siku tatu nilijishughulisha: nikapaka nyumba chokaa, nikasuka ukili pima nzima. Siku ya nne asubuhi lori likasimama karibu na mlango wangu, wamo wanawake ishirini wanaimba, shoga yangu miongoni mwao. Nikatoka kuwatazama tu.

"Unatuangalia kama mtoto yatima," mmoja akanitania.

"Nimekatazwa kutia mguu."

Shoga yangu akafikiri. Huyu alikuwa na akili ya kukata maneno kama mwanasheria, na ndiyo iliyoniponza. "Kakwambia mguu," akasema. "Mimi ndiye shahidi. Kasema ukitia mguu. Kupanda lori hakusema. Panda, ukae humo humo, ukaone kwa macho."

Nikapanda.

Tulipoingia Pujini nikaipakata miguu yangu kama mtoto mchanga. Lori likasimama, njia iliyobaki ni kama kutoka nyumbani hadi kisimani. Wenzangu wakashuka na vyungu vyao, wakaniacha na dereva akivuta sigara. Nikasikia sauti zao ndani ya kuta, "njooni muone huku," "lo, hebu tazama hiki." Nikakaa. Nikasimama. Nikakaa tena.

Magofu yale ni ya mtawala mmoja wa kale ambaye kila Mpemba anazijua hadithi zake. Wazee wetu wanasema alikuwa dhalimu, hakuwaruhusu watu waende kwa miguu wanapombebea mawe ya ngome. Iliwapasa wasote, yaani wajikokote kwa makalio na jiwe kichwani. Shoga yangu aliporudi kuniletea maji ya kunywa akanikuta natazama ile njia.

"Unawaza nini?"

"Nawaza wale waliosota."

Akanielewa hapo hapo. Alicheka mpaka akashika boriti ya lori. "Makalio yako hayakutajwa," akasema.

Wakaja wanne, wakatandika jamvi, wakaniteremsha mzima mzima kama gunia la mbata, miguu juu. Nikasota. Nikiweka mikono chini, nikijivuta, nyayo zangu zimenyanyuka, mwenzangu mmoja nyuma anaishika ncha ya buibui lisichanike. Bibi mmoja wa pale kijijini alisimama na mtungi wake akauliza huyu ana ugonjwa gani. Shoga yangu akamjibu, "Ana mume."

Nikafika. Niliona ngome, na kile kisima chenye ukuta katikati. Wanasema mtawala yule alikuwa na wake wawili wasiopatana, akajenga ukuta ule ili wakija kuteka maji wasionane. Upande mmoja una ngazi, mwingine ni wa kutekea kwa kamba. Ngazi nikazishuka kwa kusota, moja baada ya moja. Nikatazama. Na kama kawaida yangu, pumzi mbili tatu, nikataka kurudi Chake.

Lakini Chake habari ilienea upesi. Dereva alitushusha adhuhuri, akaenda kunywa kahawa, na alasiri mji mzima unajua kuwa nke wa fundi kasota Pujini. Watoto walikuwa wanaigiza mbele ya duka la Muhindi. Mume wangu alifunga cherehani, akaja, hakugomba. Bora angegomba. Akasema tu, "Jifunike, twende kwa mwalimu."

Mwalimu alikuwa mzee aliyesomesha nusu ya mji, na mume wangu mmojawapo. Akatusikiliza, akaniuliza mimi kwanza.

"Mwanangu, ulitia mguu?"

"Sikutia, shehe."

"Hata unyayo?"

"Hata kidole. Wako mashahidi."

Nilimwona anauma mdomo asicheke. Kisha hakucheka. Akamgeukia mume wangu. "Fundi, hapa pana kitu kimoja tu. Ulipotamka mguu, ulinuia nini? Huu mguu wa nyama na mfupa, au ulinuia asende? Ukisema mguu, mkeo ni wako, mchukue. Ukisema ulinuia safari, basi mmekwisha, na leo asilale kwako. Mimi siuoni moyo wako."

Mume wangu akatazama vidole vyake vilivyochomwachomwa na sindano. Mtu yule alikuwa haongopi hata akiulizwa kama nguo imebana. Mwisho akanigeukia mimi, si mwalimu.

"Wewe ulinisikia vipi?"

Sasa niseme ukweli, maana walionisikia siku ile wote wamekwisha. Kwetu ukimwambia ntu asitie mguu kwako, hakuna anayedhani anaweza kuja kwa mikono. Mtoto wa miaka mitano anajua maana yake. Nilijua fundi alikusudia nini tangu ile tepu ilipokuwa shingoni mwake. Na yeye alijua kuwa najua.

"Nilisikia mguu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, polepole. "Basi, shehe. Ni mguu."

Mwalimu akafunga kitabu chake. "Nendeni. Hesabu yenu iko kwa Mwenyezi Mungu, mimi nimehukumu kwa nilichoambiwa."

Tukarudi nyumbani, yeye mbele mimi nyuma. Tukazaa watoto wanne baada ya siku ile. Hakunikataza tena safari yoyote, wala hakuapa tena juu ya jambo lolote, hata la mchezo. Mimi nikaendelea kutoka: Kiuyu, Mkoani, nikavuka hadi Unguja. Nikirudi ananiuliza njia ilikuwaje, nami namweleza, anasikiliza vizuri.

Ila alianza kufunga Jumatatu na Alkhamisi. Nikamuuliza ni saumu gani hizo.

"Nalipa," akasema.

"Unalipa nini, na Ramadhani hujala hata siku moja?"

"Niletee kanzu yangu, nachelewa kuadhini."

Sikumuuliza tena. Mwaka uliofuata nikaanza kufunga na mimi, siku zile zile, na yeye hakuuliza. Tukifuturu pamoja tende na uji, watu wakitusifu kwa uchamungu.

Amefariki miaka mingi sasa. Siku aliyozikwa wanawake walinitia eda, wakanivika nguo nyeupe, na bibi mmoja akaniketisha anitamkishe niya. Akasema, fuata maneno yangu: nakaa eda ya mume wangu. Nikaanza, "Nakaa eda ya," nikakwama hapo, kabla ya neno mume. Wakadhani ni kilio kimenishika, wakaniambia nipumzike, hapana haraka. Nikapumzika. Kisha nikalisema lote.