Wembe Ambao Baba Hakuusikia

Wewe unayenisikiliza, sogea karibu. Nitakueleza polepole, maana mimi mwenyewe nilichelewa kuelewa.

Msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameingia kijijini kwetu Dutwa, na mmoja wao alimpa baba kazi ya kupima pamba kwenye mizani. Kabla msimu haujaisha mgongo ukaanza kumuuma, kisha miguu ikamwishia nguvu. Majirani walisema amekanyaga dawa ya mwenye wivu. Wakaacha kupita njia ya kwetu, wasije wakaikanyaga na wao. Tukabaki wawili, baba na mimi binti yake.

Mganga alikuja kumchanja chale nyayoni. Damu ilitoka, baba akaendelea kuangalia ng'ombe wake.

"Baba, huumii?"

"Mayu," akaniita 'mama' kwa Kisukuma kama kawaida yake, "nyembe za soko huria hizi. Butu kama huyu mganga."

Mganga alicheka. Nami nikacheka.

Lakini kulikuwa na jambo nililolijua. Kwa miezi mingi baba alikuwa akienda kukojoa anakawia sana, na suruali zake alizifua mwenyewe kwa siri. Kwetu binti hamuulizi baba yake habari za chini ya kiuno. Nikanyamaza. Siku ya tano baada ya chale, hakuweza kusimama.

Hospitalini Bariadi daktari aliuliza habari za mkojo. Baba akatazama ukuta. "Mgongo tu," akasema. Ndipo nikasema mimi, macho yangu sakafuni. Siku nzima baba hakunisemesha.

Baada ya vipimo daktari alinieleza kwamba saratani ya tezi dume ilikuwa imehamia kwenye mifupa ya mgongo, ikabana neva zinazopeleka nguvu na hisia miguuni. Miguu yenyewe haikuwa na ugonjwa, wala wembe wa mganga haukuwa butu.

"Mngekuja akiwa bado anatembea," alisema kwa upole, "huenda tungeiokoa miguu yake."

Baba hakutembea tena. Nilimgeuza kitandani asubuhi na jioni, na hakuna jirani aliyebisha hodi. Suruali nikazifua mimi. "Umekuwa daktari sasa, mayu," alinitania, na tukazungumza habari za mkojo kama watu wanaozungumzia mvua.

Usione haya kama mimi. Mwanamume mwenye shida ya mkojo au saratani ya tezi dume akiumwa mgongo, miguu ikalegea au ikafa ganzi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie daktari yote mawili, mgongo na mkojo.