Namba Chini ya Kiti

Jina la Darubini tulimpa sisi, kwa sababu ya macho yake. Ulete fremu ya baiskeli iliyolala shimoni miaka, kutu imeila, nembo imeng'oka, rangi juu ya rangi. Ataipangusa kwa kitambaa, ataigonga kwa ukucha, kisha atakwambia imetengenezwa na nani na lini. Mimi ninayeshona viatu kibanda cha pili nilikuwa mpiga debe wake mkubwa. "Huyu hakosei," niliwaambia wateja wangu, na wengine waliacha viatu vyao wakaenda kumsikiliza. Naye Darubini alipenda kusikilizwa kuliko kula.

Asubuhi moja alikuja mama mkwe wake na fremu ya marehemu mumewe. Alisimama pembeni kwa heshima zake, akingoja watu wapungue. Hawakupungua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Nimekuletea mzigo wa marehemu. Alikuwa akituambia aliinunua mpya, dukani, mwaka aliozaliwa mke wako. Sasa wajukuu wanasema ni porojo za babu. Hebu niangalizie tu, imetengenezwa na nani na lini."

"Hilo dogo, Mama!" alisema Darubini, kwa sauti ya kuwafikia hata wa ng'ambo ya barabara.

Alianza na shingo ya fremu. "Nembo haipo, lakini matundu ya ripiti zilizoishikilia haya hapa, moja juu ya jingine. Hii ni ya kiwanda cha Mwewe. Wengine wote huyalaza." Tukaguna kwa sifa. "Na Mwewe huandika namba huku chini, panapopita mhimili wa pedeli." Akaigeuza, akakwangua rangi. Namba haikuwepo. Palikuwa na chuma laini chenye mikwaruzo ya tupa.

Hapo angeweza kukohoa. Angeweza kusema, Mama, rudi kesho. Lakini watu walikuwa wamenyoosha shingo, na ulimi hauna mfupa.

"Namba imepigwa tupa," alitangaza. "Fremu ikifutwa namba, ujue imeibwa. Hii haikununuliwa dukani."

Kuna mtu alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mama mkwe hakubisha. Alisema, "Ahsante, baba," akajitengeneza mtandio, akaenda zake. Fremu aliiacha palepale chini.

Nyumbani habari ilifika kabla yake. "Umemzika baba yangu mara ya pili," mkewe alimwambia, na baada ya hapo ikawa sahani inawekwa mezani bila neno. Darubini alinisimulia mwenyewe, huku akitazama miguu yake. Kitu kilichomuuma zaidi ni kwamba bado aliamini amesema kweli. Alijua tu kwamba hakupaswa kuisema vile.

Akaamua kuitengeneza ile fremu, aipake rangi, airudishe ikiwa safi, iwe ndiyo pole yake. Aliibabua rangi ya zamani kwa moto, akaanza kupiga msasa. Pale penye mikwaruzo ya tupa pakang'aa manjano. Shaba. Chuma kilikuwa kimepasuka zamani, fundi fulani akakichomelea kwa shaba, kisha akalainisha kazi yake kwa tupa, kama fundi yeyote anayejiheshimu. Darubini mwenyewe ameshafanya hivyo mara ngapi! Akahamia juu, kwenye kiungo cha bomba la kiti, na chini ya rangi ya mwisho ikatokea namba, nzima, na herufi mbele yake. Mwewe wa zamani kabisa waliandikwa pale, kabla kiwanda hakijahamishia namba chini. Yeye hakuwahi kukutana na wa umri ule. Lakini herufi za miaka alikuwa nazo kichwani, na ile ilikuwa ya mwaka aliozaliwa mkewe.

Aliniita. Uso ulikuwa umemshuka. "Mzee alisema kweli," aliniambia. "Kila neno."

Nilimsindikiza kwa mama mkwe, maana aliona aibu kwenda peke yake. Alipiga magoti mlangoni, akaeleza yote. Yule mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Nimeshakwenda kwa jirani," alisema. Jirani yake, fundi cherehani, aliwahi kuibiwa baiskeli miaka hiyo. "Nilimwomba radhi kwa niaba ya marehemu. Akanisamehe. Akasema, mama, mimi nilijua siku zote."

Darubini alishika kichwa.

"Ulilisema hadharani, baba," alisema mama mkwe. "Kalisahihishe hadharani."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama, lakini kesho yake Darubini alisimama katikati ya watu, fremu ameinyanyua juu, akasema: nilikosea, namba hii hapa, shaba hii hapa, mkwe wangu hakuiba. Fundi cherehani naye alikuwepo. Alisogea, akaipapasa namba, akampiga Darubini begani kwa upole.

"Nimekuelewa, fundi. Ni mkweo. Hata mimi ningemsitiri."

"Simsitiri! Nilikosea!"

"Wewe?" Fundi cherehani alicheka bila ubaya wowote. "Darubini hukosei."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Darubini akanigeukia mimi, niliyemjengea sifa ile, nimsaidie. "Hukosea!" nikapaza sauti. "Safari hii amekosea!" Wakacheka zaidi, wakaona na mimi ni rafiki mwema.

Mama mkwe alikuwa amesimama pembeni, palepale pa siku ile. Alipita katikati yetu, akaichukua fremu. Darubini alinyoosha mikono ambebee.

"Acha, baba," alisema. "Nitabeba mwenyewe."

Akaondoka nayo begani, namba imeelekea nje. Darubini hakuweza kumtazama.