Sauti Niliyompa Mama Akumu

Siku ya kwanza ya kazi, Mkurugenzi aliniketisha kando ya projekta, akanipa mikro ya kusemea, akaniambia nitazame koo la mwanamke aliyeonekana kwenye kitambaa cheupe.

"Hapana tazama midomo," alisema. "Midomo inadanganya. Koo ikipanda, weye sema. Koo ikishuka, nyamaza."

Ilikuwa Bunia, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa msichana aliyemaliza shule ya msingi tu, lakini siku ya Mungu, Jumapili, nilisoma somo kanisani bila kukwama, na huko ndiko Mkurugenzi alikonisikia. Huduma yetu, yaani ofisi yetu, ilitengeneza filamu fupi za mafunzo: kuchemsha maji, kupeleka mtoto chanjo, kukausha kahawa. Zilipigwa bila sauti, maana mashine ya kunasa sauti hatukuwa nayo. Sauti nilikuwa mimi. Kazi hiyo iliitwa komantateri. Projekta inazunguka, nawe unasema papo hapo maneno ya mama, ya mgonjwa na ya muuguzi, na kesho unayasema tena mahali pengine.

Mwanamke yule aliitwa Mama Akumu, Mualuri wa Mahagi-Port kule ziwani, aliyekuja Bunia kuuza samaki wa chumvi, makayabo. Mkurugenzi alimwona sokoni akigombana na mteja, akampenda uso. Alinizidi miaka kumi hivi, nikamwita yaya, dada mkubwa, naye akaniita mudogo.

Kwa kuwa kamera haikusikia, yeye alisema alichotaka. Kuna filamu ya mtoto mwenye surua iliyoliza watu kila mahali. Siku ya kuipiga nilikuwepo. Ameinama juu ya mtoto, machozi yanamtiririka kweli, na huku anamwambia mpiga picha: "Weye mwenye miguu ya korongo, harakisa! Makayabo yangu iko naoza inje!" Ulimi wake haukujua "sh". Mimi hapo niliweka: "Mwanangu, usiogope, mama yako yuko hapa."

Tulizunguka na filamu hizo Bambu, Aru, Ariwara, mpaka ziwani. Tulionyesha mchana, katika kumbi za parokia na maghala, madirisha yamezibwa kwa blanketi. Watu walimjua Mama Akumu, lakini walimjua kwa sauti yangu. Siku moja katika soko la Ariwara alimsalimia mama mmoja muuza mchele. Yule mama alimtazama, akatikisa kichwa.

"Hapana, weye si ule wa sinema. Ule anasema pole-pole kama maji. Weye unakwaruza kama sufuria!"

Soko lote lilicheka. Mama Akumu naye alicheka. Tuliporudi garini aliniambia, "Mudogo, uso ni yangu, sauti ni yako. Siku moja watasikia yangu?"

"Watasikia, yaya," nilijibu, kama mtu anavyomtuliza mgonjwa. Lakini yeye alilishika neno lile. Aliniuliza tena mwaka uliofuata, na mwingine.

Katikati ya miaka ya themanini walifika watu wa sinema kutoka Kinshasa, wakiwa na mashine ya kunasa sauti. Walitaka kutengeneza filamu juu ya maisha yake, wenyewe walisema portre. Siku tatu walikaa uani kwake. Akiwa anapasua samaki alieleza alivyozaliwa ziwani, alivyofiwa na mume, alivyojifunza kulia mbele ya kamera kwa kumkumbuka. Yote kwa sauti yake.

Filamu ilipoletwa, Mkurugenzi wa kwanza alikuwa amekwisha kuhamishwa. Shefu mpya aliniita ofisini, akanipa karatasi iliyopigwa kwa mashine.

"Sitwayene," alisema, kama tulivyoitwa raia wanawake siku zile, "utafunga sauti ya projekta, utasoma hii. Kiswahili yake ni ya aibu."

"Shefu, ni sauti yake mwenyewe."

"Sauti yake watu wanaijua. Iko weye."

Katika ukumbi wa parokia, Bunia, Mama Akumu alikaa benchi la mbele na kitenge kipya. Nilizungusha kifungo cha sauti mpaka ikazimika, nikasoma karatasi yote, neno kwa neno. Hakuna aliyenishika mkono kwa nguvu. Nilikuwa na watoto wanne, nikaogopa kufukuzwa. Niliposoma "Mimi ni Akumu," aligeuka akanitazama mara moja. Baada ya onyesho watu walimpongeza. Aliponifikia alisema, "Kumbe miye niko najua Kiswahili muzuri vile!"

Mwezi uliofuata tulikwenda naye Mahagi-Port bila Shefu, katika ghala la samaki. Ndugu zake walijaa. Projekta ilianza, nikainua mikro, nikaona koo lake likipanda. Nikaiweka mikro kwenye benchi. Kifungo cha sauti nilikiacha wazi.

Sauti yake ikatoka, ikikwaruza. Watu walicheka. Mzee mmoja akapaza: "Eh! Iko nasema kama siye!" Kisha wakamsikiliza mpaka mwisho.

"Leo hukufanya kazi, mudogo," aliniambia mlangoni.

"Sikufanya, yaya."

"Ile kazi hapana fanya tena."

Dereva alimweleza Shefu. Nilihamishwa kwenye depo ya filamu, kusafisha bobini za kuzungushia mikanda kwa kitambaa na spiriti, na huko nilibaki hadi pensheni. Komantateri mwingine alisoma karatasi ile. Kwa hiyo sauti yake ilisikika mara moja tu, na kwao tu. Nisijisifu kwa mara moja hiyo.

Alikufa kabla sijaacha kazi. Niliingia kwenye kilio pale Bunia, nikawaambia binti zake, "Poleni, wanangu. Mama yenu amepumzika." Bikizee mmoja aliyezoea filamu zetu, amekaa mkekani kando ya maiti, akapiga kelele: "Akumu! Akumu iko nasema!" Wanawake wakaangua kilio, mmoja akakimbia nje. Binti mkubwa akanishika mkono, bila hasira.

"Mama mudogo, tafazali. Hapana sema tena."

Nikaenda nyuma ya nyumba kutwanga sombe, majani ya mihogo, pamoja na wengine. Hata chumvi niliiomba kwa ishara ya mkono, mpaka tukamzika.

Tangu hapo, penye msiba napeleka sukari, nashika watu mikono, nanyamaza. Vijana hudhani ni adabu ya uzee. Wazee wa Bunia wanajua ni kwa nini.